Husuni Kubwa na Watoto Wetu: Kuyahuisha Maisha, Ufundi na Majumba ya Waswahili wa Zama za Kati



 Nimefurahi kuona kwamba ukumbini leo wamo watoto, kwa sababu mada yenyewe inawahusu wao kabla ya kutuhusu sisi. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Utangulizi

Mwambie mtoto wa shule ya msingi, awe wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, achore kasri. Aghalabu atachora minara mirefu yenye vilele vilivyochongoka, daraja linaloinuliwa kwa minyororo, na bendera inayopepea juu ya mnara. Kasri hilo ameliona katika katuni na katika vitabu vya hadithi vyenye picha za kupendeza. Si kosa lake, wala si vibaya kuyajua ya wenzetu. Linalosikitisha ni kwamba mtoto huyohuyo hawezi kuchora kasri lililojengwa katika mwambao wake takriban miaka 700 iliyopita, lenye vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Kasri hilo ni Husuni Kubwa, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Hawezi kulichora kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Sisi wasomi tumeandika mengi kuhusu Kilwa. Tumebishana juu ya tarehe, juu ya nasaba za masultani na juu ya asili ya Waswahili. Lakini maandishi hayo tumeandikiana wenyewe kwa wenyewe, na sehemu kubwa si kwa Kiswahili. Swali langu leo ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: tufanye nini ili maisha ya zama za kati ya pwani yetu yawe hai machoni mwa familia ya leo, yaani baba, mama, bibi na watoto wanaokuja kutazama magofu siku ya mapumziko?

Hoja yangu ni kwamba historia huhuishwa kwa mambo matatu: mahali panapoonekana, kazi inayofanywa kwa mikono, na ukweli usiofichwa. Nitayachukua moja baada ya jingine, kisha nitatoa mapendekezo machache.

Maana ya maneno

Istilahi "zama za kati" tumeipokea kutoka Ulaya, ambako huwa na maana ya karne zilizo baina ya kuanguka kwa dola ya Kirumi ya Magharibi na mwamko wa karne ya 15. Kwetu hakukuwa na Roma ya kuanguka. Hata hivyo, karne ya 11 hadi ya 15 ni kipindi chenye sura yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndicho kipindi cha kustawi kwa miji ya mawe, cha misikiti iliyopanuliwa, cha biashara ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, na cha sarafu zilizofuliwa papa hapa kwetu. Kwa hiyo naitumia istilahi hiyo kwa tahadhari, kama mtu anayeazima chombo cha jirani huku akijua kuwa ni cha kuazima.

Maneno tunayoyatumia kwa majumba haya nayo yana historia. "Husuni" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ingawa Husuni Kubwa kwa hakika lilikuwa jumba la kifalme na la biashara kuliko kuwa ngome ya vita. "Kasri" pia tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kutoka Kilatini kwa kupitia lugha nyingine. Kwa hiyo ni binamu wa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa majumba yao yenye minara. "Gereza", kwa maoni ya wanaisimu wengi, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likahamia kwenye ngome, na kwa kuwa ngome ziligeuzwa mahali pa kufungia watu, leo mtoto akilisikia neno hilo hafikirii kanisa wala ngome. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa kama jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Neno moja limebeba karne nne za maisha yetu, na mtoto anaweza kulielewa jambo hilo akielezwa vizuri.

Mahali: matembezi katika Husuni Kubwa

Tutembee basi. Husuni Kubwa liko mashariki ya mji wa kale wa Kilwa, juu ya mwinuko wa pwani. Wanahistoria wengi hulihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takriban mwaka 1310 hadi 1333, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, ambayo yalipatikana hapo, yanamtaja kwa lakabu zake za kifalme. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilifukua jumba hili katika miaka ya 1960, na ramani aliyoichora ndiyo inayotuwezesha leo kusema hapa palikuwa ua na pale palikuwa chumba.

Upande wa kusini upo ua mpana uliozungukwa na vyumba vingi. Inadhaniwa kuwa hapa ndipo zilipohifadhiwa bidhaa. Ukielekea kaskazini unaingia katika jumba lenyewe. Upo ua wa baraza wenye ngazi ambazo watu waliweza kuketi. Upo ua wenye birika la pembe nane. Vipo vyumba vya ndani vya watu wa nyumbani. Baadhi ya paa zilikuwa bapa, nyingine zilikuwa kuba. Mwisho kabisa zipo ngazi zinazoteremka kuelekea ufukweni, mahali ambapo mgeni aliyefika kwa chombo angeweza kupokewa.

Sasa niseme jambo ambalo waongozaji wa wageni mara nyingi huliacha. Jumba hili halikukamilika. Zipo sehemu ambazo mafundi waliziacha kabla ya kuzimaliza, na inaonekana halikukaliwa kwa muda mrefu. Mtoto hupenda sana kusikia hivyo, kwa maana jumba lisilokamilika humfanya aulize: kwa nini waliacha? Fedha ziliisha? Sultani alifariki? Mwalimu mwema hatakimbilia kumjibu; atamwacha azunguke atafute dalili.

Aidha, yafaa familia ielezwe kuwa si kila mtu aliishi katika mawe. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji ule kwa uzuri wake, lakini akaueleza kuwa ni mji wa nyumba za miti. Wakazi wengi, wavuvi, wakulima, wasusi wa mikeka na wafua vyuma, waliishi katika nyumba za miti, fito na udongo, ambazo hazikutuachia kuta. Tukimwonyesha mtoto jumba la sultani peke yake, tutamfanya aamini kuwa mababu zake wote walikuwa masultani. Kivuli cha kibanda kilichokuwa kando ya jumba ni sehemu ya historia kama jumba lenyewe.

Kazi: mafundi na vitu vyao

Jumba halijengwi na sultani. Hujengwa na mafundi. Na ufundi huonekana vizuri zaidi unapouliza swali dogo: hiki kilitengenezwaje?

Tuanze na jiwe. Mafundi waashi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, gumu na lenye mashimo mashimo. Hilo lilijaza kuta. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi. Likitoka majini huwa laini kiasi cha kuchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa tumbawe hilo walichonga mihrabu, miimo ya milango na mapambo. Maana yake ni kwamba mchongaji alikuwa akishindana na wakati: alipaswa kumaliza kazi yake kabla jiwe halijakauka.

Tuje kwenye chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha tanuu likawashwa hadi mawe yakaiva. Yaliyoiva yalimwagiwa maji au kuachwa yanyeshewe, yakapasuka na kuwa unga. Chokaa hiyo iliachwa ikomae kabla ya kutumiwa, maana chokaa changa hupasuka ukutani. Naona wazee waliokaa mbele wanatabasamu. Wanajua kuwa fundi wa chokaa hakimbizwi.

Kuhusu dari, mafundi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga mawe juu yake na kumimina chokaa iliyochanganywa na kokoto. Boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba za mawe, kutoka Kilwa hadi Lamu, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa baina ya mita 2.5 na 3. Hebu fikirini, watoto: mti unaoota kwenye matope ya delta ya Rufiji ndio ulioamua upana wa chumba cha mfalme! Wawili wenu mkilala chali, miguu ya mmoja ikigusa kichwa cha mwenzake, mtakuwa mmekipima chumba hicho.

Upimaji wenyewe ulikuwa wa mwili. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni mtanuo wa kiganja kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, lakini ni vijana wangapi wanaoyatumia? Mtoto anayepima kwa rula na mtoto anayepima kwa shibiri wote wanajifunza hesabu, ila wa pili anajifunza pia kuwa mwili wake ni chombo.

Ndani ya miji hii hakukuwa na waashi tu. Wafukuaji wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilitiwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi wa pamba ili kizunguke kwa uzito. Kigae cha chungu kilichovunjika hakikutupwa. Kilipewa kazi ya pili. Zimepatikana pia sarafu nyingi za shaba za masultani wa Kilwa, ndogo na nyembamba, na jambo la kuwafurahisha wapenzi wa ushairi ni kwamba maneno ya Kiarabu yaliyo upande mmoja wa sarafu hufanya kina na yale ya upande wa pili. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika Australia ni kitendawili ambacho hakuna mtoto asiyependa kukitegua.

Baharini kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari ya chuma, na kutwekwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hii mmoja ulijengwa upya huko Zanzibar na ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka na kusababisha vifo. Tukio hilo litukumbushe kuwa kitu cha kale hakiokolewi kwa kuwekwa ndani ya jengo peke yake, ikiwa jengo nalo linahitaji kuokolewa. Kinachodumu zaidi ni ujuzi ulio katika mikono ya watu wengi.

Mfano wa Guédelon

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka nje kidogo ya pwani yetu. Katika msitu mmoja wa Treigny, jimbo la Burgundy nchini Ufaransa, mwaka 1997 kundi la watu wakiongozwa na Michel Guyot walianza kujenga ngome mpya kwa namna ya karne ya 13. Mahali penyewe panaitwa Guédelon. Walipachagua kwa sababu mawe, miti ya mialoni, udongo na maji vyote vilikuwa papo hapo. Hawatumii mashine za kisasa kunyanyua mawe. Hutumia gurudumu kubwa la mbao ambalo mtu hutembea ndani yake na kulizungusha kwa miguu. Hupima kwa kamba yenye mafundo. Wahunzi hunoa patasi za waashi, waashi huwangoja watengeneza chokaa, na maseremala hutahini magogo kwa shoka.

Wageni hulipa kiingilio na kuingia kutazama kazi ikiendelea. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifika takriban 300,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa familia na wanafunzi. Mtoto humwuliza fundi swali, naye fundi huweka nyundo chini akamjibu. Hakuna kinachokamilika haraka, na huko kutokamilika ndiko kunakowarudisha watu mwaka unaofuata waone ukuta umefika wapi.

Wapo waliodhani kuwa huo ni mchezo wa watu wazima. Lakini tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa la Notre-Dame mjini Paris liliteketea kwa moto. Ilipoamuliwa kuwa paa hilo lijengwe tena kwa mialoni iliyochongwa kwa shoka, miongoni mwa maseremala walioifanya kazi hiyo walikuwamo waliopata ujuzi wao Guédelon. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kwa maneno mengine, kazi iliyoonekana kuwa ya kuburudisha watoto ilikuwa ikihifadhi maarifa ambayo taifa lilikuja kuyahitaji siku ya msiba.

Sipendekezi tujenge Husuni Kubwa la pili. Hatuna haja ya kuiga. Wenzetu walilazimika kuufufua ufundi uliokuwa umekufa. Sisi bado tunao mafundi hai. Wapo wanaochonga milango Lamu na Unguja, wapo wanaounda majahazi kwa tezo na keekee, wapo wasusi wa mikeka katika kila kijiji cha pwani. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtoto na fundi watakutana, na lugha ya kuwakutanisha.

Ukweli: kisa cha maskini kutoka Yemeni

Sasa nafika kwenye sehemu ngumu ya mhadhara huu.

Kisa kinachopendwa sana kuhusu sultani huyu ni cha ukarimu wake. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kuwa siku moja baada ya sala ya Ijumaa, maskini mmoja aliyetoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu wake. Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea, na watoto hupiga makofi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwana wa sultani alizichukua zile nguo kutoka kwa maskini, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri huyohuyo anaeleza pia kuwa sultani alikuwa akiwashambulia majirani zake wa bara na kuchukua ngawira.

Tufanyeje na watu ishirini hawa? Wapo wenzangu wanaoshauri tuwaache, kwa kuwa siku ya familia ni siku ya furaha, na kwa kuwa maadui wa Waswahili wameitumia sana historia ya utumwa kuwafanya waonekane wageni katika nchi yao wenyewe. Naielewa hofu hiyo na siidharau. Nakiri kuwa kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki nikikikatia kwenye nguo. Nilijiambia kuwa muda hautoshi. Muda ulitosha, ujasiri ndio ulionipungukia.

Leo naona kuwa kukata kule kulikuwa kosa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma: ushahidi usiolingana na tunachokipenda haupotei kwa kunyamaziwa, huokotwa na mwingine, naye akausema kwa nia yake. Ya pili ni ya malezi. Mtoto wa miaka minane akisikia kisa kizima, swali lake la kwanza halitakuwa kuhusu sultani. Atauliza: wale watu waliitwa nani? Walikuwa na mama? Hatuna majina yao, na ni lazima tumwambie hivyo. Lakini mtoto aliyeuliza swali hilo mbele ya ngazi za Husuni Kubwa amekwisha kuwatendea watu wale haki ambayo aliyeandika kisa hicho hakuwatendea.

Kusema ukweli huo hakuwapunguzii Waswahili uenyeji wao. Utafiti wa vinasaba vya watu wa kale uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mabaki kutoka miji kadhaa ya pwani ikiwemo Kilwa, umeonyesha kuwa wengi wao walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, iliyochanganyika na nasaba ya Kiajemi tangu yapata mwaka 1000. Tarikh za Kilwa zilizosimulia wageni kutoka Shirazi hazikuwa uzushi mtupu, wala wale walioshikilia kuwa miji hii ni ya Waafrika hawakukosea. Jamii iliyoweza kuchanganya nasaba, lugha na ufundi kwa miaka elfu ina mabega ya kubeba ukweli wake wote, wa sifa na wa aibu.

Mapendekezo

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila fuko na kuta zikibomoka. Yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mawimbi, hata hivyo, hayasomi orodha. Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yote ya gharama ndogo.

Kwanza, siku ya familia katika magofu iwe siku ya kufanya, isiwe ya kutazama tu. Nitatoa mfano wa birika la pembe nane. Wape watoto kamba na vigingi wapige mraba mchangani. Wapime kwa kamba kutoka pembe moja hadi katikati ya mraba. Kwa urefu huohuo, kutoka kila pembe, watie alama kwenye pande mbili zinazokutana hapo. Watapata alama nane. Wakiziunganisha, umbo la pembe nane sawasawa limekamilika. Sidai kuwa mafundi wa sultani walitumia njia hiihii. Nasema tu kuwa mtoto aliyeipiga pembe nane kwa kamba atalitazama birika lile kwa macho ya fundi.

Pili, mafundi walipwe kama walimu. Mwashi akionyesha namna ya kuchanganya chokaa, msusi akionyesha ukili unavyosukwa, na mwunda jahazi akimpa kijana tezo aipime uzito wake, hao wanafundisha. Tusiwaite kwa "ahsante" na soda. Hapa niongeze tahadhari: matumbawe hai hayafai tena kukatwa, maana ndiyo yanayowalisha wavuvi wetu na kuukinga ufuko na mawimbi yaleyale yanayokula magofu. Chokaa ya maonyesho itoke kwenye mawe ya nchi kavu, na mtoto aelezwe kwa nini.

Tatu, na hili linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, tukusanye kamusi ya ufundi wa nyumba za mawe. Daka, tekani, kiwanda, msana, ndani, sabule, zidaka: haya ni majina ya sehemu za nyumba ya Lamu, na kila moja linaeleza nani aliruhusiwa kufika wapi. Mgeni aliishia dakani au sabuleni. Wa ndani walikuwa wa ndani. Leo neno "kiwanda" kwa Mswahili wengi ni mahali pa mashine, na maana yake ya ua wa nyumba inasahaulika. Wanafunzi wa hapa wakienda likizo Kilwa, Pemba, Pate au Vanga, kila mmoja arudi na maneno ishirini ya fundi mmoja, kwa lahaja ya mahali hapo, ikiwemo Kimgao cha Kilwa. Kazi hiyo haihitaji ruzuku. Inahitaji daftari na adabu ya kukaa na wazee.

Nne, wakazi wa Kilwa Kisiwani wawe wenyeji wa shughuli hii, si watazamaji wake. Wao ndio wanaoamka kila siku kando ya kuta hizo. Wapewe nafasi ya kusimulia kwa kinywa chao, na sehemu ya mapato ibaki kisiwani. Mtoto wa Kisiwani ajue kwamba ukuta ule unamlisha na unamsomesha, naye atakuwa mlinzi wa kwanza wa kuhakikisha hakuna jiwe linalong'olewa.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, nilianza kwa mtoto anayechora kasri la mbali. Sina nia ya kumnyang'anya kalamu, wala kumkataza minara yake iliyochongoka. Nataka karatasi yake igeuzwe, na upande wa pili achore jingine: jumba juu ya jabali, lenye birika la pembe nane na ngazi zinazoshuka hadi baharini, kando yake tanuu la chokaa linalofuka moshi, mwanamke anayesokota pamba kwa kigae, mtepe uliotia nanga, na ngazini, watu ambao majina yao hatuyajui, lakini ambao hatukuwaacha nje ya picha.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo tumezoea kuitaja kwa fahari. Baada ya kisa cha maskini wa Yemeni, naomba tuitaje kwa uangalifu zaidi: asili tusiyopaswa kuiacha ni pamoja na asili ya wale waliokuwa watumwa kweli.

Likizo inakaribia. Mzazi mwenye uwezo wa kufika Kilwa, na afike. Asiye na uwezo huo, aende kwenye msikiti wa kale au gofu lililo karibu naye, maana pwani hii haina uhaba wa magofu. Amshike mtoto mkono, amwekee kiganja ukutani, na wapime pamoja ukuta ule una shibiri ngapi.